Haidrojeni inavunja magnesiamu au inaiimarisha? Jibu kwa kijana wa Kizota

Swali limetoka kwa kijana wa hapa hapa Dodoma, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Kizota, nasoma diploma ya ufundi mitambo na jioni namsaidia mjomba kwenye karakana yake ya kukereza. Nimesoma sehemu kwamba kuna watu wanaipa aloi ya magnesiamu gesi ya haidrojeni kwenye moto na presha, inapasukapasuka yenyewe mpaka inakuwa unga, alafu wanaitoa ile gesi na metali inarudi ikiwa na nguvu kuliko mwanzo. Ila darasani tumefundishwa haidrojeni inavunja metali. Ukweli uko wapi? Na je kwenye karakana yetu inawezekana? Tuna kasha moja la giaboksi na makasha ya chensoo, tunadhani ni magnesiamu, na mabaki ya kukereza nimeyakusanya kwenye kopo la rangi nimelifunga vizuri yasiingie vumbi. Natafuta pia kitu cha kufanyia projekti ya mwisho."

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, hilo kopo. Ukimaliza kusoma aya hii weka simu chini, nenda kalibebe taratibu mpaka nje uwanjani, mbali na grenda, mbali na mashine ya kuchomelea, mbali na mwenye sigara, ulilegeze kifuniko polepole na kitu kisichotoa cheche, uliache wazi lipumue. Sababu ni kwamba mabaki ya kukereza karibu kila siku yanakuwa na majimaji ya kupozea, na magnesiamu ikikutana na maji inakula ile oksijeni ya maji na kuiachia haidrojeni, taratibu sana lakini haikomi mpaka kimoja kiishe. Gramu 24 tu za magnesiamu zikiliwa zote zinatoa gesi lita kama 24. Kwenye kopo lililofungwa hiyo gesi itaenda wapi? Inasubiri, kopo linavimba, siku unalifungua kwa bisibisi pembeni ya mtu anayechomelea ndo unajua. Haidrojeni inashika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, na inaendelea kushika mpaka 75, na mwali wake mchana hauonekani vizuri kwa macho kwasababu hauna rangi ya maana. Kwahiyo nenda kwanza, nakusubiri.

Haya. Na hapo hapo tayari umeshapata nusu ya jibu, maana ile gesi unayouliza kama ni ya kutengenezwa kwa mitambo ya bei mbaya, ulikuwa nayo kwenye kopo la rangi.

Swali lako nimelipenda kwasababu umekamata vitu viwili vinavyogongana na hukukubali kuvipita tu. Mwalimu wako yuko sahihi na ulichosoma kiko sahihi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haidrojeni kwenye magnesiamu ni mgeni wa namna hiyo. Ikiingia kwa kuitwa, ikapewa kazi, alafu ikaondoka yote, inaiacha metali na punje ndogo na nguvu zaidi. Ikiingia bila hodi na ikabaki ndani, inatoboa na kupasua. Sasa nikueleze kwanini, na itabidi tuanzie kwenye metali yenyewe, maana usipojua magnesiamu imepangwaje ndani hutaelewa kwanini watu wanahangaika mpaka kuigeuza unga.

Umeshawahi kuona mabati yamepangwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mafungu kwa mafungu yamelala chali. Ukitaka kuvuta bati moja linateleza juu ya mwenzie bila shida. Lakini jaribu kuyasukuma kwenda chini, kwa kuyapenya, hayaendi popote. Atomu za magnesiamu zimejipanga hivyo, matabaka ya pembe sita juu ya matabaka, na kwenye joto la kawaida njia rahisi ya kuteleza ni hiyo moja ya kufuata tabaka. Alumini yenyewe imepangwa tofauti, ina njia nyingi za kuteleza kwenda pande nyingi, ndo maana bati la alumini unalikunja kwa mkono na linakubali, wakati la magnesiamu ukilikunja likiwa baridi linapasuka kwenye kona. Wanaokunja magnesiamu wanaipasha kwanza, mara nyingi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, hapo njia nyingine za kuteleza zinafunguka.

Sasa kipande cha metali sio fungu moja la mabati, ni maelfu kwa maelfu ya mafungu madogo, kila moja limelala upande wake. Kila fungu ndo tunaita punje. Mpaka kati ya punje na punje ni kama ukuta, utelezi ulioanza kwenye punje moja ukifika mpakani unakwama kwasababu jirani amelala upande mwingine. Punje zikiwa kubwa kuta ni chache, utelezi unatembea mbali na kujirundika nguvu mpaka unavunja. Punje zikiwa ndogo kuta ni nyingi na metali inakuwa ngumu. Hii iliwekwa kwenye hesabu na watafiti wawili waliokuwa wanafanya kazi Uingereza, Eric Hall mwaka 1951 na Norman Petch mwaka 1953, kila mtu akiwa na kazi yake na wote walikuwa wanahangaika na chuma. Kanuni yao inasema ile sehemu ya nguvu inayoletwa na mipaka inapanda kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha ukubwa wa punje, yani ukipunguza punje kutoka maikromita 100 mpaka maikromita 1 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hiyo sehemu inakuwa mara 10. Kwenye magnesiamu hii kanuni inafanya kazi kwa nguvu kuliko kwenye alumini, kile kizidisho chake ni kikubwa mara kadhaa, na sababu ni zile zile njia chache za kuteleza. Kwahiyo mtu anayetafuta nguvu kwenye magnesiamu akiambiwa punguza punje anaruka kwa furaha, hamna faida rahisi zaidi ya hiyo. (Ukifika kwenye punje ndogo sana za nanomita kanuni inaanza kulegea, usiivute mpaka mwisho wa dunia.)

Ndo maana watu walitafuta kila njia ya kupunguza punje. Mwaka 1937 Mjerumani Franz Sauerwald aligundua ukiweka zirkoniamu kidogo tu kwenye magnesiamu iliyoyeyuka punje zinakuwa ndogo ajabu. Tatizo ni kwamba zirkoniamu na alumini hazikai chungu kimoja, zinashikana na kuzama chini, na aloi nyingi za magnesiamu (yani magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine) za magari na mashine zina alumini. Ile AZ91 unayoiona vitabuni, A ni alumini, Z ni zinki, 9 ni asilimia 9 na 1 ni asilimia 1. Hiyo huwezi kuitibu kwa zirkoniamu. Hapo ndo haidrojeni ikaitwa mezani.

Ila ngoja nianze na ubaya wake kwanza maana ndo utakaokutana nao wewe kila siku.

Nenda Majengo au popote wanaposubu sufuria za alumini, kata sufuria iliyokataliwa uangalie ndani. Utaona vitundu. Vingi vya hivyo ni haidrojeni. Metali ikiwa ya maji inakunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu, unyevu wa hewa, wa kalibu, wa kijiko cha kuchotea, wa skrepa iliyonyeshewa, alafu ikiganda haiwezi kuibeba tena inaitema, na ile gesi isipopata njia inabaki kama kitundu. Alumini iliyoganda inabakiza kama sehemu moja tu kwa ishirini ya kile ilichokuwa imebeba ikiwa ya maji. Magnesiamu ni tofauti na hapa wengi wanachanganya, wanadhani kila metali ni alumini. Magnesiamu iliyoyeyuka inabeba haidrojeni makumi ya mara zaidi ya alumini, ni mlevi hasa, lakini hata ikiganda inaendelea kubeba zaidi ya nusu ya ile gesi. Kwahiyo haitemi kwa kishindo kama alumini, vitundu vyake vinakuja zaidi pale gesi imeungana na kusinyaa kwa metali wakati wa kuganda, na aloi zenye alumini nyingi kama hiyo AZ91 ndo zinaumia zaidi. Ile gesi inayobaki ndani bila kutengeneza kitundu haijaondoka lakini. Ipo. Na kwenye aloi zenye zirkoniamu inafanya uharibifu wa kimya, inashikana na zirkoniamu na kuigeuza haidraidi, yani metali iliyoungana na haidrojeni, kwahiyo ile dawa ya punje uliyonunua kwa hela inaliwa kabla haijafanya kazi. Kwenye aloi zenye itriamu au gadoliniamu ni hivyo hivyo, zile metali adimu zinaipenda haidrojeni kuliko magnesiamu inavyoipenda, utakuta vichembe vidogo vya pembe nne vya haidraidi vimekaa humo ndani, na kila kichembe kimebeba atomu ambazo zilitakiwa kuimarisha aloi.

Ubaya wa pili ni ule wa mwalimu wako. Chukua kipande cha aloi ya magnesiamu, kivute kwa nguvu ya wastani ambayo kikikaa pakavu kinaibeba hata mwaka mzima, alafu kilowanishe na maji ya chumvi. Huku katikati ya nchi hamna haja ya kwenda mbali kuyatafuta, maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na Singida pale mjini wana maziwa mawili, Singidani na Kindai, ya maji ya magadi na chumvi. Kutu ya magnesiamu inaanza, haidrojeni inazaliwa pale pale juu ya uso, nyingi inapanda kama viputo lakini baadhi inaingia ndani ikiwa atomu moja moja, na inapenda kwenda palipovutwa zaidi, yani mbele ya ncha ya ufa. Pale mbele ikijikusanya inadhoofisha mshikano, au inatengeneza haidraidi ambayo ni kavu kama kashata, ufa unasogea kidogo, unakutana na maji mapya, inazaliwa haidrojeni mpya, ufa unasogea tena. Kipande kinakatika siku moja bila mtu kukigonga, na ukiangalia kilipovunjika hakijavutika hata kidogo. Wataalamu bado wanabishana ni ipi kati ya njia hizo inatangulia, nadhani jibu linabadilika kutokana na aloi na kasi ya mvuto, lakini hakuna anayebisha kwamba haidrojeni iko pale. Aloi zenye alumini ndo zinashikwa zaidi na ugonjwa huu. Mi mwenyewe niliwahi kushika mkononi kasha la mashine lililokuwa linaoshwa kila jioni kwa maji ya kisima na kufungwa likiwa bado bichi, lilikuwa limepasuka kuanzia kwenye tundu la boliti, pale pale boliti ilipokazwa kupita kiasi. Fundi alikuwa analaumu boliti. Boliti ilivuta, ni kweli, lakini maji ndo yaliyoleta mpasuaji.

Sasa ile tiba uliyoisoma. Yenyewe haikuanzia kwenye magnesiamu, ilianzia kwenye sumaku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Japani walikuwa wanatafuta namna ya kupata unga mzuri wa sumaku za neodimiamu, chuma na boroni, na wakagundua ukiipasha ile aloi ndani ya haidrojeni inavunjika kikemia kuwa vitu vitatu tofauti, alafu ukivuta gesi itoke vile vitu vinaungana tena na kurudi kuwa aloi ile ile, ila sasa punje zake ni sehemu tu ya maikromita moja. (Neodimiamu ndo ile inayozungumzwa kwenye mlima wa Ngualla kule Songwe, kwahiyo sio jambo la mbali na sisi kama linavyosikika.) Kazi iko hatua nne: kuipa haidrojeni, kuitenganisha, kuitoa haidrojeni, kuiunganisha upya. Baadae watu wakajiuliza, kama inafanya hivi kwa sumaku, kwanini isifanye kwa magnesiamu?

Na magnesiamu ni mteja mzuri kupita sumaku maana yenyewe ina hamu na haidrojeni. Kila atomu moja ya magnesiamu inachukua atomu mbili za haidrojeni na zote mbili zinakuwa haidraidi ya magnesiamu, kitu cheupe kijivu, na kwa uzito haidrojeni inakuwa asilimia 7.6 ya hiyo haidraidi. Inasikika ndogo mpaka upige hesabu ya ujazo: kilo moja ya magnesiamu inameza karibu lita 920 za haidrojeni. Kilo moja! Na wakati inameza inatoa joto, kama megajuli 3 kwa kilo, ambalo lingetosha kuchemsha maji ndoo ya lita 10. Kinachotokea ndani ni kwamba mpangilio wote unavunjwa, yale matabaka ya mabati yanabomolewa, atomu zinajipanga upya kwa umbo jingine kabisa la pembe nne, na kitu kizima kinavimba kwa asilimia kama 30. Magnesiamu haiwezi kuvimba hivyo bila kupasuka, na haidraidi yenyewe haivutiki hata kidogo. Ndo ule unga uliousoma. Inajisaga.

Kwenye aloi kama AZ91 kuna jambo la ziada tamu. Humo ndani kuna chembe ngumu za magnesiamu na alumini zilizoshikana, magnesiamu 17 kwa alumini 12, zinakaa kwenye mipaka ya punje kama mfupa. Haidrojeni ikija inamchukua magnesiamu na kumuacha alumini peke yake, kwahiyo ile chembe inasambaratika kuwa haidraidi na vichembe vya alumini tupu. Hapo umeshamaliza hatua mbili za mwanzo. Sasa unapunguza presha, unavuta kwa pampu mpaka ombwe, huku joto bado lipo kama nyuzi 350. Haidraidi kwenye presha ya kawaida ya hewa inaanza kuachia gesi karibu na nyuzi 280 mpaka 300, kwenye ombwe inaachia kwa urahisi zaidi. Haidrojeni inatoka, na magnesiamu inazaliwa upya, sio sehemu moja ikakua taratibu kama kwenye kalibu, inazaliwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kila chembechembe inaanza na punje yake, na kabla hazijakua zimeshagusana. Alumini inarudi kuungana na magnesiamu na vichembe vyake vinasimama mipakani kama walinzi, vinazuia punje zisimezane. Wanaotumia joto na gesi peke yake wanatoka kwenye punje za makumi au mamia ya maikromita mpaka chini ya maikromita moja, na wale wanaosaga kwa mipira ya chuma ndani ya haidrojeni huku tiba inaendelea, kama walivyofanya Wachina kwenye aloi ya AZ31, wameshuka mpaka chini ya nanomita 100. Rudi kwenye hesabu ya Hall na Petch ujionee mwenyewe hiyo ni nini.

Angalia tena hapo nilipokuambia mgeni. Nguvu yote hiyo imekuja kwasababu haidrojeni imetoka. Mtu akiishia hatua ya pili, au akivuta ombwe haraka haraka akaacha haidraidi imebaki katikati ya chembe, amejitengenezea kile kile cha mwalimu wako, viini vikavu ndani ya metali vinavyosubiri mvuto. Tofauti ya tiba na ugonjwa hapa ni masaa ya kwenye ombwe.

Lakini kuna vitu ambavyo hukuambiwa ulikosoma, na mi naona ndo vinaamua kila kitu. Cha kwanza, unachopata mwisho ni unga, sio kasha la giaboksi. Huwezi kuchukua kasha zima ukalitibu ukalirudisha kwenye gari, lingetoka vumbi. Unga unatakiwa ugandamizwe kwa joto na kusukumwa kwenye tundu ili uwe fimbo, na joto hilo hilo linakuza punje ulizozihangaikia. Ukipunguza joto unga haushikani vizuri. Hapo ndo wengi wanakwama, mtu anaonyesha ugumu mzuri sana wa chembe moja lakini fimbo yake ikivutwa inakatika mapema, na akiangalia anakuta oksaidi iliyozunguka kila chembe kama ngozi haikuruhusu zishikane.

Cha pili, haidrojeni haiingii kirahisi kama karatasi zinavyosema. Uso wa magnesiamu una ngozi ya oksaidi muda wote, gesi inagonga inarudi. Ikishaingia kidogo, haidraidi inayotengenezwa juu inakuwa yenyewe ni ukuta kwa sababu haidrojeni inatembea ndani yake kwa uvivu mkubwa, kwahiyo kipande kinene kinatibika ngozi tu na moyo unabaki vile vile. Ndo maana wanatumia vipande vyembamba vya kukereza, presha ya makumi ya mara ya hewa ya kawaida, na masaa mengi mpaka siku nzima, na wengine wanaongeza nikeli kidogo ya kusaidia gesi kugawanyika pale juu.

Kwahiyo karakana ya mjomba, hapana. Nasema hapana bila kuzunguka. Haidrojeni kwa presha hiyo na nyuzi 350 inahitaji chombo cha chuma maalum, kwasababu hata chuma cha kawaida haidrojeni inakila kwa joto hilo, na unahitaji vipima uvujaji na hewa inayopita na mtu aliyefundishwa. Mtungi wa gesi uliobadilishwa matumizi sio chombo, nimeona vijana wenye akili nzuri wakifikiria hivyo na moyo wangu unashtuka. Na ule unga ukitoka una uso mpya kabisa, ukigusa hewa unaweza kuwaka wenyewe. Moto wa magnesiamu ukimwagia maji unaupa haidrojeni, ukiupulizia mtungi wa kaboni dayoksaidi unachukua oksijeni humo humo na kuendelea kuwaka ukiacha masizi. Wekeni karibu na mashine ya kukereza ndoo ya chumvi kavu au mchanga mkavu kabisa, narudia kabisa, wa kukaangwa, maana mchanga bichi ni maji. Mwagia taratibu ufunike, usirushe ukatawanya makaa.

Kuhusu hayo makasha, msibaki mnadhani. Piga tupa sehemu ndogo mpaka iwe safi inayong'aa, dondoshea siki ya jikoni. Magnesiamu inachemka viputo saa hiyo hiyo, alumini inakaa kimya. Viputo hivyo ni haidrojeni, unaiona kwa macho. Suuza na kausha vizuri baada ya hapo. Na uzito pia unasema, sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ni gramu 1.74 na alumini 2.70, kasha la giaboksi la magnesiamu ukilinyanyua mkono unaenda juu kuliko ulivyotegemea. Yakiwa magnesiamu, yakerezeni kavu au kwa mafuta ya madini, kisu kikali, lishe nene isitoe nyuzi nyembamba kama pamba, na mabaki yafagiliwe kila jioni. Kuyaosha, tumieni maji safi na yakaushwe kabla ya kufungwa, na boliti zikazwe kwa kipimo sio kwa bomba refu.

Projekti sasa. Nakushauri achana na magnesiamu kwa hii diploma, chukua alumini, uione haidrojeni ikifanya kazi bila kuhatarisha nyumba ya mtu. Tafuta fundi wa kusubu akuruhusu, yeyusheni skrepa ya aina moja, iliyopashwa mpaka ikauka kabisa, mimina vipande vya ukubwa mmoja, vingine metali ikiwa nyuzi kama 720 na vingine ikiwa 800, maana metali ya moto zaidi inakunywa gesi zaidi. Kalibu na vijiko vyote vipashwe, tone la maji chini ya metali iliyoyeyuka linaruka usoni. Alafu kila kipande pima uzito hewani na uzito kikiwa kimening'inia ndani ya maji, ukigawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili unapata uzito wa ujazo wake, kilichopungua chini ya kile cha kipande kizima kisicho na kitundu ni vitundu. Kata, piga msasa, piga picha, hesabu. Mzani mzuri unaopima mpaka sehemu ya mia ya gramu unatosha.

Na Dodoma inakupa kitu ambacho mwenzako wa Dar hana. Huku kiangazi hewa ni kavu kweli kweli miezi mingi mfululizo alafu mvua zinakuja Desemba mpaka Aprili, kwahiyo mimina seti ya kwanza mwezi wa nane na seti ya pili Januari, skrepa ile ile, fundi yule yule, nyuzi zile zile, na kila mara uandike unyevu wa hewa wa siku hiyo. Ukipata namba za seti ya kwanza niandikie, hata kama zimekaa vibaya, tuziangalie pamoja kabla mvua hazijaanza.